Msiuze Shamba kwa Ajili ya Mwaka wa Kwanza

Najua wengi mnasubiri sehemu ya pili ya makala yangu ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Itakuja. Leo nina jambo la nyumbani, ila nikipitia magrupu yetu ya WhatsApp msimu huu wa udahili naona si la nyumbani kwetu tu.

Jumapili iliyopita mama alinipigia simu kutoka Muheza. Aliongea kidogo kuhusu mvua, akaniuliza nakula nini huku, halafu akasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya: "Nimepata mtu wa shamba." Shamba lenyewe ni eka moja na nusu ya michungwa aliyoachiwa na babu. Mnunuzi anatoa milioni 6. Sababu ya kuuza ni mdogo wangu, ambaye amemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa daraja la pili na amechaguliwa kusoma shahada ya sheria kwenye chuo kikuu binafsi Dar es Salaam. Dogo kashaweka barua ya udahili status. Majirani wameshampongeza. Bado kuthibitisha tu.

Nikamwambia anitumie ile barua pamoja na mchanganuo wa malipo, nikakaa na kalamu. Ada milioni 2 na laki 6 kwa mwaka. Usajili, mitihani, bima, kitambulisho na vile vimichango vyao, 350,000. Chumba cha kushea, 50,000 kwa mwezi kwa miezi 10, laki 5. Chakula nikamwekea 5,000 kwa siku, na hapo ni chai kavu asubuhi na wali maharage mara moja, kwa siku 270, yaani 1,350,000. Jumla ni milioni 4 na laki 8 kwa mwaka. Sikuhesabu nauli, vitabu wala kuumwa. Shahada ni ya miaka 4, kwa hiyo 19,200,000.

Shamba linalipa mwaka wa kwanza na robo ya mwaka wa pili. Baada ya hapo hakuna shamba.

Nilipomwambia mama hesabu hiyo alinijibu, "Mwanangu, mkopo si utatoka?" Labda utatoka. Lakini angalieni kalenda yenyewe ilivyokaa. Kwa kawaida TCU inataka mwombaji aliyechaguliwa athibitishe chuo mwezi Septemba. Bodi ya Mikopo huanza kutoa majina ya awamu ya kwanza Oktoba, kisha awamu ya pili, ya tatu, halafu dirisha la rufaa. Yaani serikali inamtaka mtoto wa mkulima achague chuo kwanza, ndipo baadaye imwambie kama ana hela ya kukisoma. Mtoto wa waziri kalenda hiyo haimsumbui. Mama yangu inamlazimisha auze miti inayozaa ili asubiri jibu.

Na sheria haimo kwenye fani za mbele za kipaumbele za Bodi. Ukipata, unaweza ukapata asilimia kidogo ya ada na bumu lisilofika. Siwatishi. Nasema kile kinachotokea kila Oktoba, watu wanakaa kwenye vibanda vya intaneti wanarefreshi ukurasa ule mmoja mpaka usiku.

Sasa ngoja niseme mimi nilivyofanya, maana sipendi mtu anayeshauri wenzake njia ambayo yeye hajaipita.

Nilimaliza kidato cha sita 2020. Nami nilikuwa na barua ya chuo binafsi mkononi. Mama hakuwa na mnunuzi wa shamba mwaka ule, na namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa wakati ule nililia. Nikaenda kusoma stashahada ya sheria kwenye chuo cha serikali, miaka 2. Kwa mwaka mzima, ada, malazi na unga wa kutoka nyumbani, mama alitumia kama milioni 1 na laki 9. Miaka yote miwili ni 3,800,000, chini ya mwaka mmoja wa ile barua ya mdogo wangu. Msimu wa machungwa ndio ulilipa. Wanunuzi wa Kenya walikuja na malori yao, mama akauza, akatuma. Mwaka uliofuata hivyo hivyo.

Nilipomaliza 2022 nikakaa Tanga mjini mwaka mmoja kwenye ofisi ya wakili, nachapa hati za viapo, napeleka mafaili mahakamani, nalipwa laki 2 kwa mwezi. Laki 2 si hela, najua. Lakini nilijifunza karani wa mahakama anaamkiwa vipi na faili linapotea wapi, na nikaweka akiba. 2023 nikaomba shahada kwa sifa linganishi. Kwa wasiojua, mwenye stashahada anatakiwa kuwa na GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na vyuo vingine vinapandisha kiwango hicho juu zaidi. Nikapata chuo cha umma. Nikapata mkopo, si wote, ila wa kunisogeza. Sasa naingia mwaka wa pili.

Mjomba yetu hajawahi kuikubali njia hiyo. Alipoambiwa dogo naye anaweza kuanzia stashahada alicheka: "Amesoma form six yote ile ili arudi chini?" Nilimwamkia kwa adabu, nikanyamaza, maana simu ilikuwa ya mama. Lakini kauli ya mjomba ina historia, na sisi vijana wa upinzani tunapaswa kuikumbuka.

Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati walirudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma, baada ya masomo yao kusimama kwa mgomo wa wahadhiri. Wabunge wa upinzani waliomba Bunge lisitishe shughuli lijadili jambo hilo, wakakataliwa. Na Rais Magufuli akatoa lile neno ambalo mtaani halijafa hadi leo: vilaza. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nakumbuka mwalimu wetu wa fizikia alivyolitumia neno lile darasani wiki ile ile, kwa kicheko, na sisi tukacheka. Programu ile ilianzishwa na serikali yenyewe kwa sababu shule hazikuwa na walimu wa sayansi. Ilipovurugika, aibu ikavalishwa wanafunzi. Tangu hapo, ukisema unasoma stashahada, watu wanakuangalia kama umefeli kitu.

Kwa hiyo dogo akiona haya, simlaumu. Ila haya haina risiti, na ada ina risiti.

Kitu ambacho watu hawakihesabu ni hiki. Wanauliza "shahada nzima ni shilingi ngapi?" wakati swali la maskini ni jingine: hela ikiisha katikati, nitakuwa nimeshika nini? Kwenye stashahada, hela ikikata baada ya miaka miwili, una cheti. Unaweza kuomba kazi ya ukarani, unaweza kuwa msaidizi wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ukitimiza masharti yake, unaweza kurudi shule baada ya miaka mitatu na cheti chako bado kipo. Kwenye shahada, ukikwama mwaka wa pili unatoka na karatasi ya matokeo yenye nembo nzuri. Nina rafiki niliyesoma naye Tanga sekondari ambaye yuko hapo sasa. Aliahirisha mwaka kwa ajili ya ada, akaahirisha tena, sasa anauza vifaa vya simu. Ni mwerevu kuliko mimi. Nyumba waliyouza ili aanze mwaka wa kwanza wazazi wake wanapita mbele yake kila siku wakienda sokoni.

Na chuo kuwa binafsi, kuwa na jengo la vioo na bango barabarani, si kinga. 2017 TCU ilizuia vyuo vikuu 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu za ubora. Sisemi chuo alichopata dogo ni kibaya. Sijui lolote baya juu yake. Nasema bei kubwa isikufanye uache kuuliza.

Mwisho wa barabara nao tunaujua. Ukimaliza shahada ya sheria hujawa wakili. Bado kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, nayo ina ada yake. Na 2022 nchi nzima ilishangaa matokeo yake: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wenye sapu 342, waliodisko 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wale 265 walikuwa wameshalipa shahada nzima, wengine kwenye vyuo ghali kweli kweli. Kwa hiyo anayeuza kila kitu kwa ajili ya mwaka wa kwanza ajue kuna mlango mwingine mbele, na pale nao wanataka hela.

Hapo mtaniambia, basi stashahada ndiyo jibu, tumalize. Hapana. Njia niliyopita niliilipia, na sitaki kuwadanganya. Niliilipia kwa miaka.

Stashahada miaka 2, shahada miaka 4, jumla 6. Aliyeanza shahada siku ile ile niliyoanza stashahada ameshamaliza mwaka huu. Mwaka wangu wa kwanza wa shahada nilikaa tena kwenye Sheria ya Mikataba. Tena kwenye Sheria ya Jinai. Tena mfumo wa mahakama, kuanzia Mahakama ya Mwanzo mpaka Rufani, kama vile sijawahi kubeba mafaili ya mahakama hizo mkononi. Kuna siku mhadhiri aliandika ubaoni mfano ule ule niliojibu kwenye mtihani wa stashahada. Niliangalia daftari langu jipya nikaona uvivu hata wa kufungua kalamu. Nimeulizia kama masomo yale yanaweza kuhesabiwa. Nikaambiwa stashahada ni sifa ya kuingilia, basi.

Hili ndilo linaloniuma, na ndilo nataka tulibebe kama jumuiya ya vijana. NACTVET, inayosimamia vyuo vya kati, inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza. TCU, inayosimamia vyuo vikuu, inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza. Kipimo ni kimoja! Ni kama maduka mawili yanayotumia kilo ile ile, lakini sukari uliyopimiwa duka hili ukivuka barabara wanakwambia haina uzito. Sisemi masomo yote ya stashahada yana kina cha shahada. Hayana, na wenye stashahada wenzangu msinirushie mawe. Lakini kati ya kuhesabu yote na kuhesabu sifuri kuna nafasi kubwa sana. Hata mihula miwili ikihesabiwa, ni mwaka mzima wa ada, chakula na ujana wa mtu.

Mtoto wa mjomba huyu huyu anayecheka stashahada anaishi Sacramento, Marekani. Tulipozungumza mwaka jana akanieleza alivyosoma. Alianza chuo cha jamii, vile vyuo vya miaka miwili vya karibu na nyumbani vyenye ada ndogo, huku akifanya kazi ghalani usiku. Kisha akahamia chuo kikuu cha jimbo akaingia mwaka wa tatu. Wa tatu, makamanda. Nikaenda kusoma. Jimbo la California lilipanga mfumo wake wa elimu ya juu tangu 1960, vyuo vya jamii vikiwa mlango wa kuingilia, na leo vipo 116. Mwaka 2010 likatunga sheria kwamba mwanafunzi akimaliza stashahada maalumu ya kuhamia, anahakikishiwa nafasi kwenye mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo akiwa ameshahesabiwa miaka yake miwili. Hachagui kampasi anayotaka lazima, lakini harudii alfabeti.

Wala wasitupambe sana. Kwao pia wengi wanaoanza chuo cha jamii kwa nia ya kuhamia hawafiki, ni kama theluthi moja tu wanaohama, na wengine krediti zao zinapotea njiani. Tofauti ni kwamba kule krediti ikipotea kuna sheria ya kuelekeza kidole. Hapa mtu akikuuliza haki yako imeandikwa wapi, unaangalia dari.

Katiba tunayo. Ibara ya 11 inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha na raia yuko huru kutafuta elimu anayoipenda mpaka kiwango chochote kwa kadiri ya stahili na uwezo wake, na serikali ijitahidi kuweka fursa sawa. Nzuri. Halafu rudi nyuma Ibara ya 7, kifungu kidogo cha 2: masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea ukurasa. Kwa hiyo mambo haya hatuyapeleki kortini. Yanapelekwa bungeni na kwenye kanuni za TCU, maana yake yanapelekwa kwenye siasa, maana yake kwetu.

Na hapa niwaseme sisi wenyewe kidogo. Kwenye mikutano tunapiga kelele kuhusu mikopo ya chuo kikuu mpaka sauti zinakauka. Sawa kabisa. Lakini nimekaa kwenye mikutano ya jumuiya miaka mitatu, sijasikia hata mara moja mtu akisimama kutaja wanafunzi wa stashahada. Serikali ya CCM ndiyo ilianza kuwakopesha, kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, tena fani teule tu: afya, ualimu, uhandisi, madini, kilimo, usafirishaji. Sheria haimo. Biashara haimo. Tumewaachia hata hoja hiyo? Mwanafunzi wa stashahada ya sheria leo yuko mahali pabaya kuliko wote. Hapati mkopo sasa, na alichosoma hakitahesabiwa baadaye. Njia ya bei nafuu imebaki nafuu kwenye karatasi ya ada peke yake.

Kwa hiyo nikipewa dakika tatu kwenye kikao kijacho nitasema mikopo itangazwe kabla ya mtu kuthibitisha chuo, hata kwa majina ya awali. Mkopo wa stashahada ufuate hali ya mtu nyumbani kwao, usifuate fani. Na TCU na NACTVET wakae meza moja watoe orodha, somo kwa somo, linalohesabika na lisilohesabika. Hilo la mwisho halihitaji hata bajeti kubwa. Linahitaji watu kukubaliana.

Sasa dogo. Nilimpigia jana usiku tukaongea saa nzima, bando langu likaisha nikaunga tena. Nilimwambia hivi: kwanza angalia awamu ya pili ya udahili, uombe chuo cha umma, hata kama si Dar, hata kama si kile ulichokiota. Ukikosa, kuna stashahada. Chuo hiki cha gharama ukithibitishe ukiwa tayari umeona mkopo kwa macho yako, si kwa maombi ya mama. Omba mkopo kwa vyovyote, na vyeti vya kuzaliwa na kile cha kifo cha baba vipitishwe RITA mapema, maana wengi wanaangushwa na karatasi. Ukinyimwa, kata rufaa. Na ujue mkopo si zawadi. Ile asilimia 6 ya kila mwaka ya kulinda thamani imefutwa tangu 2021, lakini siku ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Akaniuliza, "Dada, na wewe ungekuwa na milioni 6 ile 2020, ungeenda stashahada?"

Nikamwambia ukweli. Nisingeenda. Ningekuwa na miaka 19, ningechukua ile barua na ningepanda basi. Na leo ningekuwa nimeahirisha mwaka, na mama asingekuwa na kitu cha kuuza msimu huu, na mdogo wetu wa mwisho aliye kidato cha pili asingekuwa na mtu wa kumlipia hata michango ya shule. Mchungwa ukipanda leo unasubiri miaka mitatu, minne kuona tunda la maana. Ile miti ya babu inazaa sasa hivi.

Alinyamaza muda. Akasema wenzake wawili wa shule wameshathibitisha, wameanzisha grupu la chuo, wanapanga rangi ya fulana.

Asubuhi hii mama kanitumia ujumbe. Kamwambia mnunuzi asubiri mpaka Ijumaa. Dogo bado hajathibitisha, na leo kaenda Tanga kuulizia fomu za stashahada. Nauli kajilipia mwenyewe.